Konseto Aliyoipiga Mwalimu Wangu

Nilijifunza fidla kwa miaka tisa katika chumba kimoja cha Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na mtu aliyenifundisha ndiye aliyeninyima nafasi pekee niliyowahi kuwa nayo ya kusimama mbele ya watu na kuipiga. Nalisema hili mapema asije mtu akadhani nasimulia habari za kumshukuru mwalimu. Shukrani ninazo. Zimechacha tu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo nyumbani hatukuyazungumza, na mama, aliyetulea kwa vitumbua alivyokaanga Magomeni, alikuwa amenitafutia kazi ya kushona mapazia kwa mama mmoja wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa Kariakoo. Jumapili niliimba sauti ya pili kwenye kwaya. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa mzee mwembamba aliyekaribia kustaafu, mvaaji wa shati la mikono mirefu hata Februari, na alitufundisha nota za do-re-mi kwa ukali wa mtu anayefundisha watoto kuvuka barabara. Siku moja kinanda cha kanisa kiligoma. Akafungua kisanduku cheusi kilichokuwa miguuni pake, akatoa fidla, akatupa sauti ya kuanzia.

Alivuta noti moja. Wenzangu wakaipokea, wakaanza kuimba. Mimi sikuimba. Nilikuwa bado naisikiliza ile noti.

Baada ya mazoezi akaniita.

"Wewe binti, mbona ulinyamaza?"

"Samahani, mwalimu. Nilikuwa nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

Nikakitazama kile kisanduku cheusi. Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Njoo kwangu Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa. Ukichelewa usije tena."

Sikuchelewa. Sikuchelewa hata siku moja kwa miaka tisa, na hilo nalihesabu katika mambo yanayoniudhi.

Alikuwa amepanga chumba katika nyumba ya zamani ya Kiswahili, mojawapo ya zile chache zilizokuwa zimesalia katikati ya maghorofa. Ndani mlikuwa na kitanda, meza, redio ya kaseti, makaratasi ya muziki yaliyopangwa hadi usawa wa dirisha, na fidla mbili: moja yake, na nyingine ya kuazimisha. Nikaazimwa hiyo. Mama alipoiona aliiita zeze. Mwalimu akasema si zeze wala si fidla, ni vayolini. Mimi nimeendelea kuiita fidla mpaka leo. Ndivyo wapigaji wa taarabu wanavyoiita, na wao wameishi nayo mjini hapa kabla yake.

Habari zake alinisimulia vipande vipande, huku akikaza nyuzi. Ujana wake alipelekwa na serikali kusoma muziki katika nchi moja ya baridi, upande wa mashariki ya Ulaya. Alikaa huko miaka mitano. Mwaka wa mwisho walimu wake walimteua yeye, kati ya wanafunzi wote, apige konseto na okestra ya chuo. Alijifunza mwaka mzima. Akashonewa suti nyeusi. Wiki mbili kabla ya onyesho ikaja barua kwamba kundi lake lote lirudi nyumbani, tiketi za ndege zimeshakatwa. Akarudi. Bendi aliyopangiwa haikuwa na fidla hata moja, kwa hiyo wakampa ngoma kubwa.

"Nimeipiga ile ngoma miaka thelathini na zaidi," aliniambia akicheka. "Kila sherehe ya taifa uliyoitazama utotoni, yule wa nyuma kabisa ni mimi."

Nilicheka naye. Nilikuwa mdogo, nikaona kama kichekesho.

Kwa asiyejua, konseto ni muziki mrefu, nusu saa na zaidi, uliotungwa ili fidla moja izungumze na okestra nzima. Upande mmoja wapo watu hamsini au sitini, wenye matarumbeta, filimbi, ngoma, na fidla zao wenyewe. Upande wa pili yupo mtu mmoja na kijisanduku cha mbao chenye nyuzi nne. Kipaza sauti hakuna. Konseto ile ile aliyozuiwa kuipiga ndiyo mwalimu aliyonifundisha, lakini miaka mitatu ya kwanza hakuniruhusu hata kuisikia. Alinipigisha skeli, kupanda na kushuka, mpaka ncha za vidole vya mkono wangu wa kushoto zikawa ngumu kama kwato. Wa kulia ulikuwa na alama za sindano za kushonea. Mama mwenye duka alikuwa akiitazama mikono yangu anasema, "Wewe nani atakuoa na mikono ya fundi makenika?"

Mwaka wa nne, Jumapili moja mchana, mwalimu akaweka kaseti.

Okestra ilianza peke yake. Ikaenda dakika moja, mbili, tatu, mpaka nikadhani amekosea kaseti.

"Fidla iko wapi?" nikauliza.

"Imesimama, inangoja. Ngoja na wewe."

Nje, spika ya duka la jirani ilikuwa ikirudia maneno yale yale iliyoyarudia tangu asubuhi: mashuka, mashuka, bei ya kutupa, njoo uchague mwenyewe. Okestra ikapungua, ikapungua tena, na fidla ikaingia. Haikuingia kwa kishindo. Ilipanda taratibu, noti baada ya noti, kama mtu anayeingia kwenye kikao cha wakubwa zake asiyekuwa na haraka wala hofu, na wale wote wenye matarumbeta wakampisha.

Mimi nimekulia kwenye kelele. Kariakoo asiyepaza sauti hauzi. Mwenye duka ananunua spika kubwa kuliko ya jirani, wiki ijayo jirani naye analeta kubwa zaidi, na anayesimama katikati na kapu lake la ndimu anabaki kupunga mikono. Nilidhani ndivyo dunia ilivyo, kwamba anayesikika ni mwenye kelele nyingi. Konseto ile ilinionyesha kitu ambacho sikuwahi kukiona kanisani, nyumbani wala kazini. Mtunzi wake, aliyekufa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, alijua namna ya kuwaambia watu sitini wampishe mmoja. Na si kwamba wamenyamazishwa. Wanamfungulia njia, wanamjibu, kuna mahali wanambishia, kuna mahali wanakichukua alichokisema wanakirudia kwa sauti zao mpaka kinakuwa kikubwa kuliko alivyokisema yeye. Kisha wanamrudishia. Ukubwa wa muziki ule kwangu ulikuwa hapo. Sijakutana na mahali pengine ambapo wengi wenye nguvu wanamtendea hivyo mmoja asiye nazo.

"Usipige kwa nguvu," mwalimu alikuwa akiniambia kila wiki. "Nguvu ni za wauza mashuka. Piga wazi."

Ilikuwa na sehemu tatu. Karibu na mwisho wa ile ya kwanza pana mahali okestra yote inaacha, na fidla inabaki peke yake kwa dakika tatu hivi, ikiyapitia upya yote yaliyokwisha kusemwa, kwa vidole vinavyokimbia na nyuzi mbili zikilia kwa pamoja. Mwalimu alipaita jangwani. Sehemu ya pili ni ya polepole. Hapo hakuna ufundi wa kuonyesha, ni noti chache na ndefu, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuzipiga zote.

"Hapa ndipo pagumu kuliko pote," alisema, "maana huna pa kujificha."

Miaka mitatu mingine tuliishi ndani ya muziki huo. Mimi nilipiga fidla ya mbele, yeye alikuwa okestra. Alipiga sehemu za wale sitini kwa fidla yake, akaimba matarumbeta kwa mdomo, akagonga ngoma kwa kisigino. Mwaka wa saba nikaipiga yote mwanzo hadi mwisho bila karatasi. Nilipomaliza alikuwa amekaa kitandani ameinamisha kichwa.

"Iko siku itapatikana okestra mjini hapa," alisema. "Ikipatikana, utaipiga wewe. Mimi vidole vimeshanizeekea."

Akanionyesha kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kilichoanza kupinda kwa baridi yabisi. Ahadi ile aliirudia mara nyingi baadaye, bila mimi kuiomba.

Na kweli okestra ikapatikana. Ilianzishwa na mama mmoja wa Kizungu, mwalimu wa muziki katika shule ya watoto wa wageni, mwanamke mkarimu na mwenye haraka, aliyezungumza Kiswahili cha vitabuni. Alikusanya madaktari wa kigeni, wake wa wafanyakazi wa balozi, Wahindi wawili watatu wa Upanga, na askari wastaafu wa bendi kwa ajili ya tarumbeta na klarineti. Tulifanya mazoezi Jumapili jioni katika ukumbi mmoja karibu na Posta. Nilipomwambia mama kwamba yule Mzungu, aliyetuongoza kwa kijiti, ndiye kondakta, aliuliza kama anadai nauli.

Mwalimu alikaribishwa kwa heshima zote, akapewa kiti cha kwanza. Mimi nilikaa nyuma kabisa kwenye fidla za pili. Sikuwa mtu wa maneno na Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo miaka miwili ilipita bila mtu kujua ninachoweza. Sikuona haja ya kujitangaza. Nilikuwa na mwalimu, na mwalimu angesema.

Jumapili moja kondakta akagonga kistendi chake kwa kijiti, akatangaza kwamba onyesho la mwisho wa mwaka litakuwa na konseto. Akaitaja, ile ile yetu. Moyo wangu ukapiga mpaka nikahisi kwenye meno. Halafu akasema, "Na tuna bahati kubwa. Atakayetupigia ni mwalimu wetu."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu akasimama, akainama kidogo mbele, akainama kidogo upande wa tarumbeta. Upande wangu hakugeuka. Na mimi nilipiga makofi. Nilijiambia wamemchagua kwa sababu ya umri wake, na mzee hawezi kukataa heshima anayopewa hadharani. Nilimtetea moyoni mwangu wiki nzima.

Jumatano nilipokwenda kwa somo, alikuwa ameshageuza kiti changu kikatazama ukuta.

"Kuanzia leo utapiga sehemu za okestra," alisema. "Nahitaji kufanya mazoezi na mtu anayeijua."

Nikapiga. Miezi mitatu nilimpigia sehemu za wale sitini, yeye akipiga ile niliyoijua kama jina langu. Kidole kidogo kilikuwa kinamsaliti kwenye zile nyuzi mbili za pamoja. Alikuwa akisimama, anakikandakanda kwa mafuta ya mgando, anaanza tena. Jangwani alikuwa anapotea. Nilimwonyesha njia, kwa sauti ya chini na kwa adabu, "Mwalimu, nadhani hapa ni kidole cha tatu," naye akiitikia kwa kichwa kama aliyekumbushwa mahali alipoweka miwani.

Zilibaki wiki tatu. Wakati wa mapumziko ya mazoezi tulikuwa tunakunywa chai ya tangawizi kwa muuzaji aliyekaa nje ya ukumbi, na mpiga klarineti mmoja, askari mstaafu aliyetoka Newala na aliyekuwa akiniita dada ingawa alinizidi umri mara mbili, akasogea karibu.

"Dada, mimi hili jambo limenikaa," alisema. "Si wewe uliyekuwa upige?"

"Nani kakwambia?"

"Mimi ndiye niliyemwambia kondakta. Nilipita siku moja kwa mwalimu kuchukua karatasi, nikakusikia kabla sijabisha hodi. Nikasimama uani mpaka ukamaliza. Nikamwambia kondakta, yule binti wa nyuma anaijua yote. Akafurahi sana. Akasema kijana wa hapa hapa, mzaliwa wa hapa, ndilo alilokuwa analitafuta. Akaenda kumwuliza mwalimu. Nilikuwepo."

"Mwalimu akasemaje?"

Alikizungusha kikombe chake. "Nilidhani unajua. Akasema hujaiva. Akasema ukipelekwa mbele utaaibika, na aibu itakuwa yake."

Nilimshukuru. Nikarudi ndani, nikakaa kwenye kiti changu, nikapiga mpaka mwisho wa mazoezi. Sikumbuki tulipiga nini.

Jumatano nilifika saa kumi na mbili kama kawaida.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Alikuwa anapaka ulimbo kwenye upinde wa fidla yake. Sikufungua kisanduku changu.

"Mwalimu, ni kweli ulimwambia kondakta sijaiva?"

Mkono wake haukusimama. Aliendelea kupaka, kwenda na kurudi.

"Nilimwambia."

"Na ni kweli? Sijaiva?"

Hapo akaweka ulimbo mezani. Siwezi kusema hakuwa mkweli siku hiyo.

"Hapana," alisema. "Uliiva zamani."

"Sasa kwa nini?"

"Wewe una miaka ishirini na sita. Mimi nina sitini na nane. Hii haitanijia tena."

"Na mimi je, itanijia tena?"

"Itakuja. Wewe una muda." Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayeongea na kile kidole, "Nimengoja miaka arobaini na mitatu."

Nilikuwa na maneno mengi. Nilitaka kumwambia kwamba angeniomba. Angesema tu, binti, niachie hii, nami ningemwachia, ningembebea hata kisanduku mpaka ukumbini. Lakini nimelelewa kutomjibu mtu mzima. Nikafungua kisanduku, nikatoa fidla, nikakaa kwenye kiti kile kilichotazama ukuta.

"Tuanzie wapi?" nikauliza.

Ningeweza kuacha. Mama aliniambia niache. "Mtu kakunyang'anya chakula mdomoni, unamshikia sahani ya nini?" alisema. Sehemu yangu moja ilitaka kuwa ndani ya muziki ule hata kama ni kwenye kiti cha nyuma kabisa. Sehemu nyingine, na hii sikumwambia mama, ilitaka kuwepo siku atakapoanguka.

Onyesho lilikuwa Jumamosi saa kumi na moja jioni. Ukumbi ulijaa. Walikuja wageni na watoto wao waliovalishwa viatu vyeupe, wakaja Wahindi wa mjini, ikaja nusu ya kwaya yetu ya kanisani wakiwa wamevaa sare ya kwaya ingawa hakuna aliyewaambia. Mwalimu alitoka akiwa amevaa suti nyeusi ambayo mabega yake yalimpwaya. Sikumwuliza kama ndiyo ile ya ujanani. Alisimama kando ya kondakta, fidla ikining'inia mkononi, nasi tukaanza ule mwanzo mrefu.

Kungoja kwake kulikuwa kuzuri. Lazima niseme. Dakika zile tatu alisimama kama mtu aliyejua kusimama kuliko mtu yeyote mle ndani. Akanyanyua upinde, akaingia, na noti za kwanza zilipanda wazi, bila nguvu, kama alivyonifundisha.

Halafu vidole vikaanza kumwangusha. Kwenye zile nyuzi mbili za pamoja sauti ilipinda. Mahali pa kukimbia akakimbia nyuma yetu, kondakta akatupunguzia mwendo kumngojea. Wageni wa mbele walikuwa wanatabasamu lile tabasamu la kumwonea mtu huruma. Tukafika mahali okestra inapoacha, tukaacha, akabaki jangwani.

Alikwenda vizuri nusu ya njia. Kisha akasimama.

Sijui ilikuwa sekunde ngapi. Upinde ulikuwa juu ya uzi, mkono wa kushoto ulikuwa mahali pake, lakini noti inayofuata ilikuwa imemtoka kichwani. Nilisikia feni. Nje mtu alipiga honi ya gari.

Noti iliyofuata ilikuwa re, uzi wa pili, kidole cha tatu. Niliijua. Kidole changu cha tatu kilikuwa kimeshajiweka chenyewe kwenye uzi wa pili. Ningeweza kuudonoa kwa kidole cha mkono wa kulia, taratibu tu, noti moja, na watu wa mbele wangedhani ndivyo muziki ulivyoandikwa. Mwalimu akageuza kichwa. Si kwa kondakta. Aligeuka nyuma, juu ya vichwa vya fidla za kwanza na fidla za pili, mpaka macho yake yakafika kwangu.

Nikainamisha macho kwenye karatasi.

Aliruka. Aliacha nusu nzima ya jangwa, akashika ile noti ndefu ya kutetemeka inayotuita turudi, na kondakta akatupungia mkono, tukaingia. Sehemu ya kwanza ikaisha. Kulikuwa na makofi mawili matatu ya watu wasiojua kwamba muziki haujaisha.

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Nilingoja kufurahi.

Sehemu ya pili ikaanza. Tulimtandikia sauti za chini, ndefu, na yeye akaingia juu yake. Nadhani hakuwa tena na kitu cha kulinda. Alikuwa ameshaaibika mbele ya watu aliowaogopa, na mimi nilikuwa nimeshamwacha, na hakuna kibaya zaidi kilichobaki kumpata. Alipiga zile noti chache kama mtu anayeongea peke yake barazani. Noti moja aliiacha ikawa nyembamba mpaka nikadhani imekatika, na haikukatika. Tarumbeta zilimjibu, wale askari wazee wakapuliza taratibu kuliko walivyowahi kupuliza mazoezini. Mbele yangu daktari mmoja alikuwa anapiga huku machozi yanamtoka. Na yangu pia. Nilikuwa nalia kwa hasira, maana nilijua muziki ule kuliko watu wote mle ndani isipokuwa yeye, na nilijua kwamba mimi nisingeweza kuupiga hivyo. Noti zote nilikuwa nazo, vidole vyangu vilikuwa vizima. Lakini sauti ile haikutoka kwenye vidole. Alisema uongo kwamba sijaiva, na sasa alikuwa anauthibitisha uongo wake mbele ya macho yangu, na sikuwa na pa kwenda kushtaki.

Sehemu ya tatu ni ya kuchezacheza, aliipita hivi hivi. Makofi yakawa mengi. Watu wakasimama. Mtoto mwenye viatu vyeupe akampelekea maua. Nilimwona akinitafuta kwa macho juu ya yale maua. Nikafunga kisanduku, nikatokea mlango wa nyuma.

Jumanne, saa ambayo nilijua yuko kanisani, nilikwenda Mtaa wa Sikukuu nikamwachia fidla yake jirani aliyekuwa anasuka nywele uani.

"Mwambie nimeirudisha," nikasema.

"Hakuna ujumbe mwingine?"

"Hakuna."

Alikuja dukani wiki iliyofuata. Mara moja tu. Nilimsikia akimwamkia mama mwenye duka, na yule mama akaingia ndani kwenye cherehani yangu, akasema, "Mzee wako kaja."

"Mwambie nimetoka."

"Anasikia cherehani."

"Mwambie nimetoka, mama."

Akaenda akamwambia. Mimi niliendelea kukanyaga. Baina yetu kulikuwa na vitambaa vilivyotundikwa, na chini ya vile vitambaa niliviona viatu vyake, na bila shaka yeye aliiona miguu yangu. Alisimama pale muda wa kutosha kwangu kumaliza upande mmoja wa pazia. Kisha viatu vikageuka.

Mwaka huo huo mwenye nyumba akauza kiwanja, nyumba ikabomolewa, ghorofa likaanza kupanda. Mwalimu akahamia Lindi kwa mtoto wa kaka yake. Taarifa ya kifo chake nilisikia kanisani, ilisomwa katikati ya matangazo, kabla ya ndoa ya watu wawili nisiowajua. Kondakta alimaliza mkataba akarudi kwao. Waliobaki walikutana mara mbili, kisha hawakukutana tena. Nafasi ambayo mwalimu alisema itakuja haijaja, na nimevuka thelathini na tano. Hata ikija leo haitanikuta na fidla. Nilinunua moja ya bei nafuu, ya plastiki nusu, nikaivumilia miezi sita, nikampa mtoto wa dada yangu, akaivunja shingo.

Sasa nina chumba changu cha kushonea Buguruni, na mama anaishi nami kwa kuwa magoti yamemshinda. Mpiga klarineti alirekodi onyesho lile kwa simu, akanitumia. Sehemu ya kwanza siifungui. Ya pili naisikiliza nikishona, pengine mara mbili kwa juma, pengine zaidi. Sauti si nzuri, mtu anakohoa, kiti kinalia. Hata hivyo unaisikia ile fidla moja, wazi, juu ya watu wote, na bodaboda zote za Buguruni haziwezi kuifunika.

Juzi mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele. Akainua kichwa.

"Huyo ni yule mwalimu wako?"

"Ndiye."

Akasikiliza mpaka ile noti nyembamba ikapita.

"Wewe mtoto una moyo mgumu," alisema. "Mtu kashakufa. Si umsamehe tu."

Mama hajui habari ya kidole kilichokuwa kimeshakaa juu ya uzi. Sijamwambia, wala sijamwambia mtu mwingine yeyote. Nilimjibu kwamba nitajaribu, nikaizima simu, kwa sababu mteja wa mapazia ya sebuleni alikuwa amefika na pindo lake lilikuwa bado.